Jinsi Kiwiko Changu Kizima Kilivyotibiwa

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, wiki ya kwanza baada ya likizo ya Pasaka, kipindi cha Jiografia. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naiangalia. Katika kipindi kile hakuna kingine cha kuangalia. Mwalimu anasoma aina za udongo, sisi tunanakili, mara kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kikafa. Neno zuri zaidi sina. Kilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu, lakini nilipokigusa ilikuwa kama nimegusa kidole cha mtu nisiyemfahamu na ambaye hana haja ya kufahamiana. Baada ya dakika chache kidole cha pete nacho kikafa nusu. Nusu tu, ule upande wa nje. Hata ganzi ina mipaka yake, kama kata.

Mimi ni shoto. Nyumbani kwetu suala hili lilimalizwa zamani. Nikiwa na miaka minne bibi aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kipande cha kanga, niuzoee wa kulia. Nikauzoea kwa kula, kwa kusalimia, kwa kupokea na kutoa kitu. Kwa kuandika nilishindikana kabisa, na wazee wakaona bora wasalimu amri: kushoto niandike, maana hayo anayaona mwalimu peke yake, lakini mbele ya watu nibaki mtoto mwenye adabu. Kwa hiyo mimi nina mikono miwili, mmoja wa shule na mmoja wa wageni.

Darasani nakaa mwisho kabisa, upande wa dirisha, mkono wangu wa kushoto ukiwa ukutani. Chini ya dirisha kuna ukingo wa saruji, na kiwiko changu kimekaa pale tangu kidato cha pili. Hakikai pale kwa uvivu. Nikiegemea pale na kujifunika shavu kwa kiganja, mwalimu anayetafuta mtu wa kumsimamisha ajibu swali anaona nusu ya uso, na nimechunguza: nusu ya uso haiulizwi. Msichana ninayekaa naye dawati moja aliwahi kuniambia, "Wewe ukifa watakuzika na hilo dirisha." Tukacheka. Mimi nilicheka kimoyomoyo, ndivyo ninavyocheka.

Wiki ya pili vidole vilikufa kila siku. Wiki ya tatu niliamka asubuhi nimekunja mkono chini ya kichwa, nikashindwa kufunga vifungo vya sketi. Tuko kidato cha nne, moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya wa taifa, inakuja, na mkono wa shule umeanza kugoma. Ikabidi niseme nyumbani.

Nyumbani walinipima haraka sana, bila foleni. Mama, ambaye anauza mchele sokoni na anajua magonjwa ya wateja wake wote, alisema, "Hiyo ni simu." Simu sina. Lakini mama anaamini ugonjwa wa simu unaweza kumpata mtu hata kwa kuitamani. Bibi alisema ni upepo umeingia kwenye kifundo, na upepo anautoa yeye mwenyewe. Akapasha samli moto, akanikalisha chini, akaanza kuukanda mkono kuanzia begani. Alipofika nyuma ya kiwiko, kwenye kale kabonde kati ya mifupa miwili, akakandamiza kwa gumba lake ambalo limechuma pamba miaka hamsini. Nikaona nyota mchana, na nyingine nadhani hazijagunduliwa.

"Umeona?" bibi akamwambia mama. "Mkono umeruka. Upepo huo unatoka."

Ulitoka kweli, ukaingia kwenye vidole vyote viwili na kukaa humo siku mbili.

Mama akaniandikia barua ya ruhusa shuleni, nikaenda hospitali peke yangu na sare. Nilikaa kwenye benchi saa mbili na nusu nikifanya mazoezi ya sentensi yangu: "Shikamoo daktari, vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vinakufa ganzi." Ni sentensi nzuri. Ina kila kitu. Niliirudia mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza nasali sala gani.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, Msukuma kama sisi, miwani imeshuka mpaka nchani mwa pua. Mlango hata haujafungwa vizuri akasema, "Mwangaluka, mayu." Hapo sentensi yangu ikapotea. Nilikuwa nimejiandaa kwa shikamoo, sikujiandaa kusalimiwa kwanza na mkubwa, tena kwa Kisukuma. Nikapiga goti nusu, nikaitikia kitu, sijui nini.

"Shida nini, binti?"

"Vidole vinakufa ganzi."

"Vipi?"

"Cha mwisho na cha pete."

"Lete mkono."

Kwa asiyetoka kwetu nitaeleza. Mkubwa akikuambia lete mkono, unaleta wa kulia, na wa kushoto unaushika kiwiko cha wa kulia kwa heshima. Huwazi. Ni kama kupepesa jicho. Ukimnyoshea mzee mkono wa kushoto, kesho yake kijiji kizima kitakuwa kinauliza wewe ni mtoto wa nani, na wanaouliza wote wanajua jibu. Kwa hiyo nilimpa daktari mkono wa kulia. Mkono mzima, wenye afya, ambao katika maisha yake yote haujawahi kuumwa kitu zaidi ya kujiunguza na sufuria. Na ule mgonjwa ukawa chini yake, unaubeba kwa adabu.

Akaupokea. Akagonga kwa ncha ya kidole nyuma ya kiwiko, kwenye kabonde kale kale ka bibi.

"Unasikia shoti inakimbilia kidoleni?"

"Ndiyo."

Sikudanganya! Mgonge mtu yeyote pale, hata mchungaji katikati ya mahubiri, atasikia shoti. Lakini daktari alitikisa kichwa kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Huu ndio unaoandikia?"

Hapa nilikuwa na nafasi yangu. Nilifungua mdomo. Nikaangalia sakafu. Kwetu msichana akiangalia sakafu amekubali. Kuna watu wameolewa kwa njia hiyo.

"Ndiyo maana," akasema daktari, akachukua kasha tupu la glovu na kunichorea. Alichora vizuri. Mshipa wa fahamu unashuka kutoka shingoni, unapita nyuma ya kiwiko kwenye mfereji mwembamba, na pale umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuulinda. Ukikunja kiwiko muda mrefu unavutika. Ukiegemea unabanwa. "Kama mpira wa maji uliokanyagwa na ng'ombe," akasema. "Maji yapo, lakini huku mwisho hayafiki. Na huu mshipa unalisha vidole viwili hivyo tu, ndiyo maana vingine vinakucheka."

Nilielewa kila kitu. Ugonjwa wangu ulikuwa umepatikana, jina, njia na sababu. Tatizo dogo tu, ulikuwa umepatikana kwenye mkono mwingine.

Akajaribu nguvu za vidole, akakuta ni nyingi. "Umewahi mapema, nguvu ipo yote. Hongera." Nikasema asante. Akaagiza nisiegemee kiwiko hicho mahali pagumu, na nikilala nikizungushie taulo na bandeji ili kisijikunje. Nirudi baada ya wiki mbili. Yote haya akaandika kwenye daftari langu la matibabu, na pale kwenye upande akaandika *kulia*, kwa mwandiko unaosomeka kabisa. Madaktari wengine wanaandika kama kuku. Wa kwangu ndiye aliyeamua kusomeka.

Mama alisoma. "Kulia? Si ulisema kushoto?"

Ningesema wakati ule, yote yangeishia jikoni. Nikasema, "Ndivyo alivyoandika."

Mama akafikiri. Naapa nilimwona anafikiri, uso wake unatafuta njia ya daktari kuwa sahihi, maana njia ya daktari kukosea haikuwepo. Halafu akaipata. "Ni hivyo hivyo. Malaria inakuwa kichwani, sindano unachomwa matakoni. Mishipa inavuka."

"Inavukaje, mama?"

"Inavuka kifuani. Umesoma mpaka kidato cha nne hujui?"

Bibi akaunga mkono. Alisema hata ng'ombe akivimba mguu huu, kuna wazee wanamchanja ule. Kwa hiyo matibabu yakaanza, na mama, ambaye hapendi dawa ya nusu, akaamua kama taulo ni zuri usiku, mchana litakuwa zuri mara mbili. Nikawa nazunguka nyumbani na mkono wa kulia umenyooka kama mti wa bendera.

Sasa ule ugali. Mkono usiokunjika haufiki mdomoni; hiyo ni hesabu. Siku ya tatu alikuja mgeni, mama mmoja wa kwaya anayetoka Nyalikungu, mtu mwenye sauti nzuri na macho mazuri zaidi. Tumekaa, bakuli la mlenda katikati, na mimi nikakata tonge kwa mkono wa kushoto. Mgeni aliuangalia ule mkono. Aliacha kutafuna tu. Bibi akaona yule mama alichoona.

"Anaumwa huyo," bibi akasema haraka. "Mkono wa kulia ni mgonjwa. Ameandikiwa na daktari."

"Pole, mwanangu," akasema mgeni. "Umeumwa nini?"

"Mshipa," nikasema, na tonge likaniponyoka likaangukia kwenye mlenda. Vidole vya kushoto vilikuwa vimekufa. Mgeni akasema maskini, hajazoea kutumia kushoto. Nikainamisha kichwa. Ni kweli, hata mimi nilijihurumia.

Shuleni nilikuwa nafungua lile taulo getini, maana aibu ina mipaka, nabaki na bandeji. Walimu walikuwa wema sana kwa mkono wangu wa kulia. Nikasamehewa kufagia. Nikasamehewa kubeba maji. Mwenzangu wa dawati ndiye peke yake aliyenitazama siku nzima, nikiwa naandika kwa kushoto, kiwiko kwenye saruji, vidole navipuliza kila baada ya mistari mitatu.

"We," akaninong'oneza, "hiyo bandeji ni ya urembo?"

"Daktari ndiye ameweka."

"Ulimwambia unaumwa wapi?"

"Hakuuliza."

Akaweka kalamu chini. "Mungu wangu. Wewe nyumba ikiungua utasubiri uulizwe."

Nilimchukia mpaka mapumziko.

Wiki ya pili ya matibabu tulikuwa maabara, zoezi la Kemia, matone ya asidi kwenye chupa. Nilishika ile chupa kwa kushoto, kama nifanyavyo siku zote. Nilikuwa nimeishika. Naikumbuka imeshikwa. Halafu ikawa sakafuni, vipande, na darasa zima likageuka, nami katikati yao nina uso mzima, sina pa kuuficha.

"Mwacheni," mwalimu akasema kwa upole. "Mnajua mkono wake mgonjwa." Akaonyesha bandeji. Bandeji iliyokuwa upande wa pili, haina habari.

Siku ile niligundua mambo mawili nikiwa naokota vioo. La kwanza, kidole changu cha mwisho cha kushoto kimeanza kukaa mbali na wenzake, nikivikutanisha hakiji, kama mtoto aliyenuna. La pili, pale kati ya gumba na kidole cha shahada, ambapo mkono wa kulia una kinyama, wa kushoto ulikuwa na shimo dogo. Halikuwa kubwa. Lakini moko ilikuwa imebaki siku kumi na mbili, na mtihani hauandikiki kwa mkono wa wageni. Nilijaribu kuandika jina langu kwa kulia nyuma ya daftari. Sitalionyesha kwa mtu.

Nikarudi hospitali siku niliyopangiwa. Benchi, foleni, chumba kile kile. "Lete mkono." Nikaleta, kulia. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini, baada ya yote hayo. Na mimi nimejiuliza. Mkono ulitoka wenyewe.

Daktari akagonga, akavuta, akasukuma, akafurahi. "Safi sana! Ingekuwa wagonjwa wangu wote wanafuata maelekezo kama wewe, ningeshaenda kulima mpunga. Umepona." Akaandika neno hilo kwenye daftari na kunirudishia. "Soma kwa bidii sasa."

"Asante."

Nikatoka. Nikapita benchi, nikapita dirisha la dawa, nikafika getini nikiwa nimepona rasmi. Pale nikajaribu kufungua chupa yangu ya maji kwa kushoto, nikashindwa. Kifuniko tu cha chupa.

Kurudi ilikuwa lazima nipite mbele ya watu waliokuwa wanasubiri. Baba mmoja mwenye fimbo ya ng'ombe akasema, "Binti, umeshaingia wewe." Mwanamke mwingine akasema, "Watoto wa siku hizi wanapenda hospitali kama sherehe." Sijawahi kupita watu wengi hivyo wote wakinitazama. Nilisukuma mlango bila hodi. Ndani kulikuwa na mzee anavaa shati.

"Umesahau nini?" daktari akauliza.

Nikauweka mkono wa kushoto mezani, juu ya makaratasi yake. Sikuunyosha, niliuweka, kama mtu anavyoweka mzigo.

"Ni huu."

"Huu nini?"

"Unaoumwa ni huu. Tangu mwanzo."

Yule mzee aliacha kifungo katikati. Daktari akavua miwani, akaivaa, akasoma daftari. "Mimi nimeandika kulia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema lete mkono."

Nilidhani atafoka, na alikuwa ameanza, mdomo uko wazi kabisa. Halafu akamwangalia mzee, mzee akamwangalia yeye, na mzee akasema kwa utulivu, "Sasa daktari, ulitaka akupe kushoto?" Daktari akafunga mdomo. Akasugua paji la uso. "Na mimi nilitakiwa kupima yote miwili," akasema, zaidi kwa meza kuliko kwangu. "Kaa."

Safari hii alipima kama mtu anayelipa dhambi. Akanigeuza shingo huku na huku, akauliza kama ganzi inaanzia huko. Akapapasa mshipa nyuma ya kiwiko kuona kama umenenepa kama kamba, akanitazama ngozi ya mikono na mgongo kutafuta mabaka. Nikauliza anatafuta nini. Akasema ukoma, kwamba bado upo, unatibika, na dawa zake ni bure, lakini mimi sina. Nilikuwa sijui naogopa mpaka aliposema sina. Kisha akanifunga macho kwa kiganja changu mwenyewe, akanigusa vidole kwa pamba na kuniuliza wapi. Mkoa mzima unalima pamba, nimeichuma shambani kwa bibi huko Lagangabilili tangu sijaota meno ya pili, na siku ile pamba iligusa kidole changu cha mwisho sikuisikia.

Mwisho akanipa karatasi nibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mikono yote miwili, akawa anaivuta. Kulia nilishinda. Kushoto gumba langu lilipiga magoti, likakunja kifundo chake cha juu ili lisaidie, na karatasi ikaenda.

"Umebanwa hasa," akasema, hana mzaha tena. "Na misuli imeanza kunywea kidogo. Huo ukingo unaoegemea uuache leo, si kesho. Taulo usiku mkono huu, mchana hapana. Nitakufundisha zoezi la kuutelezesha mshipa, taratibu, ukiuma acha. Na bibi asikande tena hapo. Wiki sita tuone. Mkono usiporudi hali yake nitakutuma Mwanza wakupime kwa umeme, pengine mpasuaji akaupanulia njia."

"Na moko?"

Lilikuwa swali langu la kwanza kwake bila kuulizwa. Akasema mkono utaweza kuandika, ila uandike na kupumzika, kiwiko kikiwa juu ya kitu laini na kisijikunje sana, na niongezewe muda. Akaandika barua kwenda shuleni. Katika barua akaandika *kushoto*, akapigia mstari, mara mbili.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba mishipa haivuki, na kwamba mimi ndiye sikusema. Mama aliacha kugeuza mchele mpaka ukaanza kuungua. Kisha akasema, "Na mimi nimeshawaeleza watu sokoni." Hilo ndilo lililomuuma.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kasorobo, nilikuwa ofisi ya mwalimu wa taaluma kabla ya kwenda mstarini. Alikuwa na chapati mkononi na rundo la karatasi hadi kidevuni. Nikamsalimia, nikatoa barua.

"Weka hapo, nitasoma."

"Hapo" palikuwa na barua nyingine kama thelathini, ya juu kabisa ina doa la chai.

"Naomba uisome sasa, mwalimu."

Akainua kichwa polepole. Nadhani alikuwa hajawahi kuisikia sauti yangu, maana alitazama nyuma yangu kuona nani amesema. "Unasemaje?"

"Moko inaanza Jumatatu ya wiki ijayo. Ratiba ya kukaa unapanga leo. Naomba usome sasa."

Mwalimu wa zamu akapiga kengele nje. Taaluma akashusha chapati kwenye sahani. "Toka usubiri mlangoni."

Nikatoka. Wenzangu wakapita kwenda mstarini, wengine wakigeuka kuniangalia, mwenzangu wa dawati akinipungia nikimbie nisije nikachapwa kwa kuchelewa. Nilibaki pale pale mlangoni, nikisikiliza bahasha inachanwa.